Baba nimebaki na mabinti wawili, nywele na shanga: nianzie wapi?

Baba Wawili, Makorora

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa kina, si wa "mpeleke saluni tu".

Mabinti ni wawili, mmoja miaka 6, mwingine 3 na nusu. Mama yao yuko Pangani kwa wiki tatu, na Jumapili ijayo kuna harusi. Mkubwa anataka mistari yenye shanga. Mdogo anataka chochote alichopata dada yake, na hakai zaidi ya dakika kumi: akisikia muuza barafu anatoka mbio na nusu kichwa. Mkubwa naye amegoma mtindo wa twende kilioni, ile mistari ya kwenda kisogoni. Anasema hakuna aliyefariki na yeye anakwenda harusini, kwa hiyo jina la mtindo libadilishwe kwanza ndipo akae.

Naomba kujua vifaa, hatua, idadi ya mistari, jinsi ya kuwafanya watulie, na kama shanga zina hatari, maana mdogo huyu kila kitu kidogo anakijaribu puani.

Msusi wa Ngamiani

Baba Wawili, hongera kwa kuuliza mapema. Wengi huuliza Jumamosi usiku.

Vifaa ni vichache: kitana cha meno mapana, kitana chenye mkia mwembamba wa kuchorea njia, vibanio vinne vikubwa, uzi mweusi wa kusukia, mafuta ya nazi, na chupa ya kupulizia. Humo tia maji robo lita na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Tikisa kila unapopuliza, la sivyo mafuta hukaa juu na unapuliza maji matupu.

Usichane nywele zikiwa kavu. Nywele zetu zimejisokota, kila unywele umeshika mwenzake, na ukiuvuta mkavu unakatika. Gawa kichwa mafungu manne, bana matatu, lowesha moja. Lishike fungu katikati kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kichwani kwa mtoto. Chana ncha kwanza, vidole viwili tu vya urefu, zikifunguka panda juu kidogo, mpaka ufike shinani. Mtoto anayelia tangu kitana cha kwanza mara nyingi amechanwa kuanzia shinani: kila fundo husukumwa likakutana na la chini yake, na mwisho linakuwa donge moja lisilofunguka.

Mdogo msuke mabutu, sita au manane, basi. Mistari kwa mtoto asiyekaa ni kumtesa na kujitesa. Kata uzi wa kama sentimita 60. Zungusha shinani mara tatu, kisha panda ukizungusha kwa nafasi ya nusu sentimita hadi nchani, rudi kidogo chini, funga fundo na ulifiche ndani ya mizunguko. Fundo likiwa nje atalipata kabla hujafunga chupa ya mafuta, na watoto wa umri huo hufumua kwa furaha kubwa kuliko wanavyosukwa. Angalia shina: ngozi ikinyanyuka kama kijilima, umekaza mno, legeza.

Dakika kumi zinatosha mabutu mawili au matatu. Kwa hiyo anza mbele, kulia na kushoto kwa pamoja, ili akikimbia awe na sura iliyokamilika kwa mbele. Kisogoni mtandio utasitiri. Endelea baada ya chai. Ukianza nyuma, atashinda siku nzima mtaani akiwa amesukwa kisogo tu na paji limetimka, na kila atakayemwuliza atajibiwa kwa sauti, "Kanisuka baba!"

Sasa mkubwa. Hoja yake ina mashiko. Mtoto wa miaka sita hulichukua jina kama lilivyo, na huwezi kumwambia twende kilioni ni jina tu wakati umemfundisha kwamba maneno yana maana. Suluhisho ni kubadili njia: badala ya kuipeleka mistari kisogoni, ipandishe utosini ikutane hapo. Hiyo si twende kilioni tena, na yeye atakuwa ameshinda kesi.

Mistari minane inatosha kichwa cha umri huo. Chora njia kwa mkia wa kitana ukianza na ile ya katikati, kutoka usawa wa pua kwenda utosini, ndipo ugawe pande mbili. Ukianzia pembeni, mstari wa mwisho hukosa nafasi. Acha ukingo wa kama upana wa nusu kidole wenye vile vinywele laini vya malaika, usivivute ndani. Chukua fungu dogo la nywele, gawa mara tatu. Pitisha la kulia chini ya la kati, kisha la kushoto chini ya la kati. Chini, si juu. Ukipitisha juu mstari unalala na kuzama. Kila unapopitisha, okota nywele kidogo za chini yake, kiasi kilekile. Mstari ukianza mwembamba ukaishia mnene kama kamba ya ngalawa, ujue unaokota nyingi kila hatua. Na mikono isinyanyuke: vidole viguse ngozi muda wote, maana ukivuta kuelekea kwako mstari utaning'inia.

Ukimaliza mwambie anyanyue nyusi na akunje uso. Akishindwa, au akisema macho yanavutwa, fumua mstari wa mbele palepale. Vipele vyeupe ukingoni kesho yake ni dalili ileile. Usiache zaidi ya wiki mbili. Mizizi ikivutwa kwa muda mrefu nywele za kwenye paji hunyonyoka, na likiwa jambo la kurudiwarudiwa kwa miaka kuna mahali hazioti tena.

Rasta za kuongezea waachie watu wazima. Na dawa ya kulainisha nywele usiguse kabisa kwa umri huo, ni kemikali kali inayounguza ngozi.

Bibi wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Mikono itajifunza yenyewe. Kazi ni kumkalisha.

Mkalishe barazani upande wa kivuli, wewe kwenye kiti, yeye kwenye kigoda kati ya magoti yako, na uso wake uangalie ukutani, si njiani. Akiona njia atamwamkia kila apitaye, na kila "shikamoo" ni kichwa kimegeuka na mstari umepinda. Ale kwanza, aende chooni kwanza, anywe maji kwanza. Usiposimamia haya matatu, atayakumbuka yote mstari wa pili ukiwa katikati.

Mpe kazi. Mwanasesere wake naye asukwe saa ileile, mapajani mwake. Mafuta usimpe chupa, mpe kifuniko chenye matone matano. Mtoto mwenye chupa hupaka mwanasesere, akimaliza hupaka magoti yake, akimaliza ni paka wa jirani, na paka aliyepakwa mafuta huenda kujisugua kwenye nguo zako. Kanga ikishaingia mafuta usikimbilie maji. Nyunyizia poda ya mtoto au unga, acha dakika kumi na tano unyonye, kung'uta, ndipo ufue kwa sabuni.

Maswali yatakuja. Nywele zinatoka wapi, kwa nini baba hana, paka anasukwa na nani. Jibu, lakini jibu kwa kifupi, kwa sababu mtoto akisikiliza jibu refu hugeuka akuangalie mdomo. Bora umpe wewe kazi ya kuhesabu mistari. Atahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane. Saba usimrudishie mpaka umefunga ncha, maana akibishana hubisha kwa kichwa chote.

Akisinzia, mshukuru Mungu. Mlaze upande kwenye paja, suka upande ulio juu, mgeuze taratibu. Ila usimsuke upande uliolaliwa kwa kuutafuta na vidole, utakaza bila kujua na yeye hana wa kukwambia.

Mkasi uwe juu ya kabati wiki zote tatu. Mtoto anayesukwa hucheza ususi, na ususi bila mkasi haujakamilika kwake. Ukikuta butu moja chini ya mkeka, usinyoe kichwa kizima kwa hasira. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Zilizobaki zikifika urefu wa vidole viwili, suka za jirani yake zipite juu ya pengo. Na wa kumtazama kwanza ni mdogo, kwa sababu mara nyingi mkubwa ndiye msusi na mdogo ndiye mteja.

Mafuta ya nazi kama ni ya kupika nyumbani, hakikisha maji yote yameisha na umechuja masimbi vizuri. Yakibaki mabaki ya tui, baada ya siku chache yananuka uvundo, na usiku sisimizi wanafuata mto wa mtoto. Asubuhi za mwezi wa saba yakiganda usiyatupe ukidhani yameharibika. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24. Yashike kiganjani, yatayeyuka.

Mhudumu wa Afya, Raskazone

Kaka, swali lako la shanga ndilo lililonifanya niandike. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, shanga za nywele hapana. Kwa huyu wa mitatu na nusu ambaye tayari anajaribu puani, nakushauri hapana vilevile. Mfungie utepe wa kitambaa kwenye mabutu. Mkubwa mwekee, tatu kila ncha. Ncha ipite ndani ya shanga, ikunjwe kurudi juu, ifungwe kwa mpira mdogo uliopakwa mafuta ili usikate nywele. Ivute kidogo ujaribu. Shanga zihesabiwe wakati wa kuvaa na wakati wa kuvua. Kama ulivaa 24 na umevua 23, usilale kabla hujaipata moja.

Mtoto mwenye shanga puani mara nyingi hana shida yoyote ya kuonekana. Wengine huja kutangaza wenyewe, kwa fahari, "Nimeificha." Wengine hunyamaza, na unagundua baada ya siku kadhaa kwa makamasi yenye harufu mbaya yanayotoka tundu moja tu. Tundu moja, kaka. Mafua hutoka yote mawili.

Ukiona shanga, mambo ya kutofanya ndiyo mengi. Usiingize kidole wala kibano. Shanga ni duara na laini, kibano kinateleza na kuisukuma ndani. Usimlaze chali wala kumwinua kidevu. Usitie maji, hasa kama ni punje ya mahindi au choroko, maana zinavimba. Na usimnusishe ugoro wala pilipili ili apige chafya: kabla ya chafya mtu huvuta pumzi kwa nguvu, na hapo shanga inaweza kushuka njia ya hewa.

Mkubwa anaweza kupenga: avute pumzi kwa mdomo, umzibe tundu lililo wazi, apenge kwa nguvu. Mdogo hajui kupenga, anavuta ndani. Kwake kuna njia inayoitwa busu la mama, na baba anaifanya vizuri tu. Mwambie unampa busu kubwa. Ziba kwa kidole tundu lisilo na kitu, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, puliza kidogo mpaka uhisi pumzi inakataa kuingia, kisha puliza mara moja, fupi na kali. Hewa huzunguka nyuma ya koo na kuisukuma shanga itoke tundu lenye kitu, na mara nyingine hukupiga shavuni. Hapo watoto hucheka na kuomba tena, ndiyo maana usifanye mbele ya dada yake ambaye atataka zamu. Jaribu mara mbili au tatu tu. Ikigoma, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ikitoka, chungulia tundu la pili na masikio yote mawili. Aliyeweka moja huenda ameweka nyingine.

Kuna kitu kimoja kisicho na mzaha: betri ndogo bapa, mfano wa kifungo, za saa, rimoti na viatu vya watoto vinavyowaka taa. Ikiwa puani au imemezwa, usijaribu lolote nyumbani, nenda hospitali ya Bombo hapa Tanga sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Ndani ya saa mbili inaweza kuunguza nyama ya ndani. Na viatu vya harusi vya mabinti mara nyingi ndivyo hivyo vya taa, kagua skrubu ya kifuniko kabla hawajavivaa.

Kichwani, ukiona duara lenye magamba na nywele zimekatika, huenda ni mapunye. Usisuke kwanza. Vitana vitenganishwe, kila mtoto na chake. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya shina la unywele. Hutolewa vidonge kwa wiki kadhaa, kwa hiyo aonwe hospitali.

Baba Wawili, Makorora

Nawashukuru sana, bibi na dada zangu. Viatu ni vya taa kweli, nakwenda kuvikagua. Mawili yamebaki. Bigijii imenasa kwenye nywele za mdogo, ukubwa wa ukucha, karibu na shina. Na Jumamosi wameahidiwa kuogelea, je, inaharibu mistari?

Mama Watatu, Mikanjuni

Bigijii usikate. Paka mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chakula, sugua kwa vidole dakika tano hadi kumi mpaka iwe laini kama uji mzito. Usiivute kwenda nchani kwa mara moja, inajinyoosha na kushika nywele nyingine. Shika shina, itoe kidogokidogo kwa kitambaa, kisha osha kwa shampuu mara mbili. Mtoto mpe barafu ya kulamba wakati huo, mikono yote miwili iwe na kazi, kwa sababu anataka sana kuigusa.

Baharini, peleka wakiwa hawajasukwa mistari. Mchanga ukiingia kwenye njia za mistari hautoki kwa kuchana, na jasho la jua la Tanga likiongezeka ni harara kichwani. Lowesha nywele kwa maji ya bomba kabla hawajaingia, ili zisinywe chumvi nyingi, wafunge mafundo mawili tu, wakitoka suuza kwa maji matamu ya kutosha. Suka jioni ile zikishakuwa nyevunyevu, si chepechepe.

Msusi wa Ngamiani

Naafiki kuhusu bahari. Tena ni rahisi kwako: mtoto aliyeogelea anakaa kimya jioni.

Kufumua baada ya wiki mbili usitumie wembe. Uzi kata kwenye fundo la nchani tu, ukiwa umeuvuta mbali na nywele, kisha zungusha kinyume. Mistari ifungue kwa mkia wa kitana. Utaona nywele nyingi mkononi, usiogope: ni zile zilizokuwa zikidondoka kila siku zikabaki ndani ya msuko. Na kama mkubwa anarudi shule, ulizia kanuni yao kwanza, shule nyingi hutaka nywele fupi.

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu, hujauliza hina, na harusi ni Jumapili. Wataiomba.

Wapake hina ya majani, Ijumaa jioni. Jumamosi itakuwa rangi ya chungwa na utadhani imeshindwa. Inakolea siku ya pili. Ni Jumamosi hiyohiyo ya bahari, kwa hiyo isiondolewe mapema: ikae saa mbili au zaidi, ikwanguliwe ikiwa kavu, isioshwe kwa maji usiku huo, na asubuhi wapakwe mafuta kabla ya kuondoka.

Mhudumu wa Afya, Raskazone

Naongeza kwa bibi: piko nyeusi, hapana kwa watoto. Ina kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kutoa malengelenge siku chache baadaye, kovu likabaki kwa umbo lilelile la ua, na mwili ukaikataa rangi hiyo maisha yote. Hina halisi haiwi nyeusi tii. Wanja wa unga wa sokoni nao usiwatie machoni, baadhi yake una madini ya risasi.

Bibi wa Chumbageni

Ahsante mwanangu kwa kulisema hilo.

Mdogo usimpake viganja. Hawezi kukaa saa mbili bila kujishika macho wala ukuta. Mpake ua moja juu ya mguu, avae soksi kuukuu hina ikikauka. Akilazimisha mkono, mpake mgongo wa kiganja, umfunge kitambaa chepesi, na ukae naye mpaka uikwangue, maana watoto hulala mkono umelazwa shavuni. Asubuhi ua liko mkononi na jingine liko usoni, zote mbili zimekolea. Likitokea, usisugue shavu kwa limau wala jiki, utamchubua. Paka mafuta, futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni mara mbili kwa siku. Ngozi ya uso hujibadilisha upesi kuliko ya kiganja, kwa siku chache itafifia. Kwenye picha za Jumapili mgeuze ule upande wa pili.